Alijua, Lakini Haikumshika

Wenzangu niliowaachia chumba cha mashine ya kichwa mmeniomba niandike habari za kazi ile kabla sijaanza kuzisahau. Nimekubali, ila msitafute humu vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za vichwa. Na kisa kimoja nitakieleza kwa urefu, kwa kuwa kilinifunza jambo ambalo mashine peke yake isingenifunza, na kwa kuwa kiliisha vyema. Nimestaafu nikiwa na mengi ya kushukuru. Asubuhi ya kwanza nyumbani nilikaa barazani na kikombe cha chai hadi chai ikapoa, nikingoja simu ya kuniambia umeme umekatika na mgonjwa yuko kitini. Simu haikulia. Nikaimwaga ile chai, nikatia nyingine.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mwanakombo, mzaliwa wa Jomvu Kuu, na hospitali ninayoisema iko Changamwe. Jina lake sina haja ya kulitaja. Nilifika pale nimetoka chuoni na cheti cha maabara, nikitarajia kupewa darubini. Badala yake nikapelekwa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha. Ndani mlikuwa na kiti kama cha kinyozi, mashine kubwa yenye kalamu za wino zilizopangwa safu, na mzee mwenye kipara anayetafuna mahindi ya kuchoma. Huyo alikuwa Mzee Mutiso, Mkamba aliyeteremka pwani ujanani asirudi tena kwao, na ndiye aliyenifunza kazi.

Siku ile hakuniruhusu kuigusa mashine. Alinipa tepi kama ya fundi cherehani na penseli nyekundu, akakaa kwenye kile kiti, akaniambia nimpime kichwa: kutoka mzizi wa pua hadi kisogoni, kisha sikio hadi sikio, niweke alama mahali pa kila kidude. Nilipomaliza alijitazama kwenye kioo, akasema ubongo niliouchora ni wa mbuzi. Nikafuta, nikaanza upya. Jioni kipara chake kilikuwa chekundu kama kimepakwa hina, na mimi nilikuwa nimejua kwamba hakuna vichwa viwili vilivyo sawa.

Mashine yenyewe husikiliza umeme mdogo mno unaotoka ubongoni, ikauchora uwe mistari ya mawimbi. Haiingizi kitu kichwani. Mzee Mutiso alitaka hilo liwe neno la kwanza baada ya salamu, kwa sababu karibu kila mtu aliyeingia alidhani anakuja kupigwa shoti. Wengi walikuwa wagonjwa wa kifafa, na wengi wa hao walikuwa wameshapitishwa kwa waganga wa kila namna kabla ya kufika kwetu. Hatukuwauliza huko walifanyiwa nini. Tuliwasugua ngozi kwa ile jeli yenye chengachenga, tukawabandika vidude kwa ule ute mzito mweupe, tukawaomba wafumbe macho.

Mambo ya vitabuni mtayasoma vitabuni. Yale ya hapa kwetu ndiyo haya. Jasho la Mombasa huifanya mistari ipande na kushuka polepole kama mtu anayesinzia, basi kipozahewa kikiharibika msianze kazi. Friji ya chumba cha pili, ile ya maziwa ya wauguzi, ilituchorea mawimbi ya uongo kwa miaka kabla hatujaitambua. Mgonjwa anayetafuna ubani anaonekana kama ana ugonjwa ambao haujapewa jina. Na nywele: mwambieni mwanamke mapema aje amefumua, ameosha, hajapaka mafuta, na mwambieni kwa adabu, kwa sababu mnamwomba atoke nyumbani kwake hajajitengeneza. Kwa wanaojistiri, fungeni mlango na muweke kitambaa juu ya kioo cha mlango. Nilikuwa nikifanya hivyo kabla ya kuambiwa na mtu, kwa sababu na mimi ningetaka nifanyiwe hivyo.

Mzee Mutiso alistaafu, kalamu za wino zikaondoka, ikaja kompyuta. Alichoniachia ni neno moja alilolirudia hadi nikalichoka, kwamba mashine ikikushtua, mwangalie mtu kwanza. Nitaeleza lilivyonifaa.

Katika miaka ya kompyuta ndipo alipokuja Shamsa, muuguzi kutoka Magogoni. Kazi yake kwetu ilikuwa kuwatayarisha watoto, maana mtoto mdogo hakai na vidude kichwani mpaka alale, na mara nyingi hulala kwa dawa ya maji anayonyweshwa. Shamsa alikuwa mzuri wa sura na mzuri wa maneno. Angesalimiana na mzee aliyekuja amenuna, na kabla ya kikombe cha maji kwisha yule mzee angekuwa anamweleza habari za shamba lake. Mimi aliniita dadangu, na kila Idi aliniletea sahani ya halua. Alikuwa pia mwongo. Simsengenyi; yeye mwenyewe hakulificha sana. Alidanganya kama mtu anavyojikuna: kwa nini amechelewa, kwa nini zamu imebadilishwa, mama yake amelazwa wapi. Ukimshika, anacheka, na uso wake haubadiliki hata kidogo. Sisi wengine tungeaibika kwa niaba yake.

Mwaka uliofuata alikuja Daktari Moraa, mwanasaikolojia mwanamke kutoka bara, aliyekuwa akisomea shahada yake ya juu. Hospitali ikamkubalia atumie chumba chetu wakati wa alasiri. Alitaka kujua ubongo wa mwanamke mwenye tabia za kisaikopathi unafanya nini mtu huyo anapokosea. Niliposikia lile neno nikamwona muuaji wa sinema. Akanisahihisha taratibu. Akaniambia ni mkusanyiko wa tabia, na kila mtu anazo kidogo, wachache wanazo nyingi: haiba ya kuwavuta watu, uongo usiomtoa msemaji jasho, ubaridi mbele ya maumivu ya mwingine, kutojuta. Waliochunguzwa sana, alisema, ni wanaume, na hasa wafungwa. Wanawake wamesahauliwa, pengine kwa sababu tabia zao hazivunji milango.

Jaribio lake lilikuwa rahisi kulitazama na la kuchosha kulifanya. Kwenye kioo cha kompyuta hutokea mishale kwa safu, nawe unabonyeza kitufe kufuata uelekeo wa ule wa katikati, upesi upesi, huku mishale ya pembeni ikikudanganya. Utakosea tu. Na ukikosea unajua mwenyewe, hakuna haja ya kuambiwa. Kabla hujamaliza kuvuta pumzi, sehemu ya kati ya ubongo, mbele kidogo ya utosi, imeshatoa wimbi kali la haraka. Daktari Moraa aliliita kengele. Nyuma yake huja wimbi la pili, pana, la polepole, ambalo yeye alilihusisha na kulitilia kosa maanani, kulichukua kuwa lako. Kwa kosa moja huyaoni mawimbi hayo. Kompyuta hukusanya makosa mengi na kuyapatanisha ndipo yajitokeze. Alichokuwa akikisoma katika kazi za wenzake ni kwamba kwa baadhi ya watu wenye tabia hizo, kengele hulia kama kawaida, lakini lile la pili huwa dogo. Hawakukubaliana wote, na kuhusu wanawake walikuwa na machache ya kusema.

Kabla ya kuwaita watu wake alitaka kuujaribu mtambo, akatuomba wafanyakazi tukae kitini kwa hiari, tuvae kofia yake iliyoshonewa vidude. Nilikaa. Nilipokosea nilijipiga paja hadi akaniomba niache, maana paja langu lilikuwa likionekana kwenye mistari. Muuguzi mwingine alikuwa akisema "Ala!" kila mara. Shamsa akakaa kwa utulivu kama aliyekuja kusukwa. Alikosea, akaendelea, akakosea, akaendelea, wala hakukunja kipaji. Alipomaliza akaomba aone yake. Daktari akamwonyesha. Kengele ilikuwepo, nzuri tu, kama yangu. Wimbi la pili lilikuwa kama kilima kilichokatwa na tingatinga.

Daktari Moraa akatwambia sote wawili, kwa uso wa kukaza, kwamba hilo halina maana yoyote kwa mtu mmoja. Kofia ya vidude inaweza kuwa ililegea, Shamsa anaweza kuwa na usingizi, na vitu hivi husemwa kuhusu makundi ya watu. Akaufuta ule mchoro mbele yetu, kwa kuwa ulikuwa wa majaribio tu. Shamsa hakuonekana kujali. Lakini nilipokuwa namsafisha ule ute nyweleni, aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu mzima.

"Dadangu, nyinyi mkikosea, mnahisi nini hasa?"

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikamtazama kwenye kioo, nikaona anangoja jibu. Basi nikamweleza: tumbo linakuwa baridi, masikio yanawaka moto, na kwa muda huwezi kufikiri jambo jingine ila lile. Alinisikiliza kama mtu anayeelezewa ladha ya chakula cha nchi asiyowahi kufika. Akasema yeye anajua kwamba amekosea, anajua mara moja, lakini ni kama kujua kuwa leo ni Jumanne. Kisha akaniomba nisimvute nywele.

Sikumwambia mtu maneno hayo. Nikiri nilianza kumtazama kwa jicho jingine, kisha kazi ikanisahaulisha. Daktari Moraa naye akapata chumba kikubwa zaidi katika hospitali nyingine, akahama na kofia yake.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Aliletwa mtoto wa kiume, Baraka, mwenye degedege zisizoisha. Babake alikuwa akivunja mawe Mwakirunge, na mamake alikuwa amemkesha usiku kucha kama tulivyomwagiza ili aje na usingizi. Mtoto alikuja na usingizi na hasira. Mimi nilikuwa ndani natayarisha kompyuta. Dawa hutolewa nje, kwenye pembe ya kungojea. Siku hiyo wauguzi walikuwa wawili, Shamsa na Kadzo. Kadzo alikuwa msichana wa Kigiriama aliyekaa kwa shangazi yake Likoni, mpya kazini, mwenye tabia ya kusoma kila kitu mara mbili tatu hadi wenzake wakamchoka.

Mtoto akaletwa ndani amelala. Nikambandika, nikakaa kutazama mawimbi ya usingizi yakija kama yanavyokuja. Kisha yakapita pale ninapoyajua. Yakawa mapana, mazito, yakishuka chini zaidi ya mtoto yeyote aliyelala kwa dozi ya kawaida. Hapo nikageuka kutoka kwenye kioo nikamtazama mtoto. Midomo ilikuwa imefifia rangi, na kifua kilikuwa kikipanda kama hakitaki. Nikamwita daktari wa zamu. Wakamwekea oksijeni, wakamkimbiza chumba cha wagonjwa mahututi, na mamake nyuma yao na kiatu kimoja.

Sitawaeleza mchana ule. Nilikaa na yule mama kwenye benchi. Ilipoadhiniwa Magharibi mtoto alifungua macho akaitisha chapati. Mama yule alicheka kwa sauti ambayo sijaisikia tena, nami nikaenda kuswali, na katika sijda nikashindwa kuinuka kwa ule wepesi ulionijia.

Asubuhi yake likabaki swali. Mtoto alikuwa amepewa dawa mara mbili. Vikombe viwili vidogo vilikuwa kwenye sinia, vyote vimetumika, na kwenye kadi iliandikwa dozi moja kwa mkono wa Kadzo. Mama Baraka alikuwa ametoka kidogo kutafuta maji ya kunywa, kwa hivyo hakuona lolote. Metroni wetu, Bi Nafula, mama mkali lakini asiyeonea, aliwaita wauguzi wote wawili. Kadzo alisema alimpa mtoto dawa, akaitwa wodini kabla hajaandika, akarudi akaandika. Alisema hayo huku akilia, akitetemeka, akirudia rudia, mara ya pili tofauti kidogo na ya kwanza. Shamsa akasema yeye alimkuta mtoto keshapewa. Alisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, akamwekea Kadzo mkono begani.

Nyinyi mngemwamini nani? Hospitali nzima ilimwamini Shamsa. Ikasemwa kwamba Kadzo alimpa, akasahau, akampa tena. Machozi yake yakageuka ushahidi dhidi yake. Akaambiwa akae nyumbani mpaka kikao kiishe, na sote tulijua kikao kitaishaje. Alinijia kabla ya kuondoka, akaniamkia, na nilipoitika akaniambia kwamba sasa hata yeye mwenyewe haamini kumbukumbu yake, pengine kweli alimpa mara mbili. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Mtu asiye na kosa alikuwa akilichukua kosa kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mahali pa kuliweka.

Nilimpigia simu Daktari Moraa. Nikamwuliza kama anaweza kuja kuwaeleza wakubwa juu ya ule mchoro wa Shamsa. Hakukasirika, lakini alinikatalia katakata. Akasema mchoro ule alikwisha kuufuta, na hata ungekuwepo usingeonyesha nani alimnywesha mtoto dawa. Mtu anaweza kuwa na wimbi dogo na asiwe amefanya lolote. Tukianza kuwahukumu watu kwa mawimbi, alisema, wa kwanza kuhukumiwa watakuwa wagonjwa wangu wa kifafa. Alisema kweli. Kisha akaongeza jambo moja: mtu wa namna hiyo, kama ndiye, usimfuate na lawama. Muulize kilichotokea, kwa sababu anaweza kukujibu.

Nikaenda Magogoni kwake, Jumamosi asubuhi. Alinikaribisha kwa mahamri na mbaazi, akanitilia chai, akaniuliza habari za Jomvu. Nikala kwanza. Kisha nikamwuliza, bila kupandisha sauti, ni wakati gani hasa alipojua kwamba mtoto amepewa dozi mbili.

Hakusitasita. "Kadzo aliporudi akaishika kalamu," akasema. "Nilimwona anaandika, nikajua pale pale kwamba alikuwa ameshampa kabla yangu. Nilijua, dadangu. Haikunishika tu."

Nakumbuka nilikiweka kikombe mezani kwa uangalifu mkubwa kana kwamba kitavunjika. Alikuwa ameeleza, kwa maneno yake, kile alichokuwa akikitafuta Daktari Moraa kwa kofia na vidude. Kengele ililia. Nyuma yake hakukuja kitu. Angesema wakati ule ule, mtoto asingefika hali ile.

Nilimwambia itabidi aseme mbele ya metroni. Akaniuliza, si kwa ukaidi, bali kama anayeuliza bei ya samaki, akisema atapata nini. Nilikuwa nimejitayarisha barabarani kote kuanzia Changamwe. Nilijua kwamba nikianza na machozi ya Kadzo au na midomo ya yule mtoto nitakuwa naongea na ukuta. Nikamwambia kwanza kwamba nitakwenda mwenyewe kusema alichoniambia. Atakataa, na watu watachagua wa kumwamini, na pengine watamchagua yeye. Lakini Kadzo hatakuwepo tena. Shamsa atakapokosea mara ya pili, hatakuwepo wa kuangushiwa lawama, na mtoto huyo wa pili huenda asiamke, na hapo hakutakuwa na kikao cha metroni, kutakuwa na polisi.

"Wewe hutasikia kwamba umekosea mpaka watu wawe mlangoni," nikamwambia. "Dawa si kazi yako, Shamsa. Itakufunga."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuona haiba yoyote usoni, palikuwa patupu na pametulia. Akauliza akisema mwenyewe itakuwaje. Sikumdanganya. Nikamwambia ataondolewa kwenye dawa bila shaka, anaweza kufukuzwa, na wakubwa wa taaluma ya uuguzi watamwita. Ninachoweza kumwahidi ni kwamba nitasimama naye nieleze jinsi kadi ile ilivyokuwa haijaandikwa, maana hilo pia ni kweli. Akaniuliza mbona sikumtaja yule mtoto, watu wote wanamtaja.

"Hilo lingekushika?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Ndiyo maana sikuanza nalo."

Akacheka, akaniongeza chai. Nikatoka, nikashika barabara. Sikujua kama atasema kweli au atanigeuka.

Jumatatu alisema. Alisimama mbele ya Bi Nafula na wakubwa wengine akaeleza kila kitu kwa mpangilio, pamoja na ile kalamu, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya chakula cha jioni. Wengine walichukizwa na ile sauti kuliko kosa lenyewe. Mimi niliyasikia maneno tu, na maneno yalikuwa kamili. Kadzo akapigiwa simu. Shangazi yake ndiye aliyechukua simu na kutwambia kwamba msichana amekaa chini sakafuni na anacheka na kulia kwa pamoja, na je, ni habari njema? Nikamwambia ni njema, alhamdulillahi, mwache alie.

Mama Baraka aliomba kumwona aliyempa mwanawe dawa. Tuliogopa. Shamsa akaingia, akasema ni yeye, alimpa mtoto dozi ya pili bila kuuliza, kisha akajua, akanyamaza. Mama yule akamwuliza mbona halii.

"Sijui kulia kwa jambo hili," Shamsa akajibu. "Lakini ni mimi."

Nilidhani atampiga kofi, na nisingemzuia upesi. Mama Baraka akasema hakuja kutafuta machozi. Alitaka kujua ni dawa gani iliyoingia mwilini mwa mwanawe na kiasi gani, ili siku nyingine daktari akimwuliza awe na la kusema. Wiki nzima watu walikuwa wakimpa pole na hakuna aliyemwambia hilo. Shamsa akamwambia, kwa vipimo, akavirudia hadi mama akashika. Mama akashukuru, akaondoka. Hakusema amesamehe, wala hakuna aliyemwuliza.

Shamsa alisimamishwa, akaitwa na wakubwa wa taaluma, na mwishowe mwenyewe akaamua kutorudi wodini. Hakuna aliyewahi kumpima rasmi akampa jina lile la kitaalamu, na mimi simpi. Najua nilichokiona na alichoniambia, basi. Kadzo alirudi, na nyote mnamjua, ndiye anayewapigia kelele msipoosha mikono. Kutoka kwa kisa kile ndipo tulipoanza kanuni ambayo mnailalamikia: hakuna mtoto anayenyweshwa dawa mpaka wauguzi wawili waseme kwa sauti, mmoja jina na kiasi, mwingine kwamba hajapewa. Mnaona inachosha. Lakini kanuni ile haimwulizi mtu ana moyo gani. Anayetetemeka anaifuata, na asiyetetemeka anaifuata, na mtoto anaamka. Katika miaka iliyobaki hadi nilipostaafu, hatukupata tena dozi mbili.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikijiuliza kama ningepaswa kumchukia. Sikuweza. Nilimwogopa kidogo, nikampenda kidogo, na nikahakikisha hakai karibu na kabati la dawa. Nadhani watu wa namna hiyo wako wengi kuliko tunavyofikiri, na wengi wao hawaui mtu. Wanahitaji tu kengele iliyo nje yao, na mtu wa kuwaambia mambo kwa lugha wanayoisikia. Na wale kama Kadzo, wenye kengele inayolia hata pasipo na moto, wanahitaji mtu wa kuwatuliza. Kazi ni mbili tofauti, na zote zilinifikia katika wiki moja.

Siku hizi Shamsa yuko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yake iko huku huku Changamwe. Wanamsifu. Wateja wakali, mawakala wenye makelele, maafisa wenye majibu mafupi, hakuna anayemtoa jasho. Hunipigia simu mara kwa mara, si kwa shida, ni kupiga soga tu. Juzi alinipigia nikiwa nakuna nazi. Akaniambia alikosea: alilipeleka kontena la mtu kwenye yadi isiyokuwa yake, na hakuna aliyekuwa amegundua bado. Akakumbuka kusema kwa sauti, akamwendea mwenye mzigo akamwambia ni yeye.

Nikamwuliza alihisi nini.

"Bado sihisi kitu," akasema. "Lakini nimemwambia. Inatosha?"

Nikamwambia inatosha.

"Inatosha kwa nani?"

"Kwa mwenye mzigo," nikasema.

Akasema haya, basi sawa, kisha akaniuliza napika nini. Nikamwambia wali wa nazi na mchuzi wa papa, aje mapema kabla haujapoa.